Ugonjwa wa Mahindi Haujui Mpaka wa Shamba
Hotuba ya Katibu kwa wanachama, Nyamisangura



Katika sherehe hii ya miaka kumi ya Union yetu, habari za magunia na fedha zimekwisha kuelezwa na mweka hazina. Sisi tumeona afadhali kusema juu ya adui asiyeonekana kwa macho, naye ni virusi viharibuvyo mahindi.

Maradhi ya namna hii si mageni nchini. Ugonjwa wa milia, uchorao mistari myembamba ya manjano katika jani na kuudumaza mmea, ulichunguzwa katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, miaka ya 1930. Bwana H. H. Storey, aliyekwisha kutambua huko Afrika Kusini kuwa huenezwa na kidudu kirukacho juu ya majani, alionyesha kuwa uwezo wa kidudu hicho kuueneza hurithiwa na vizazi vyake.

Lakini uliofuata ni mkali zaidi. Mwezi wa Septemba 2011 ulionekana Bomet, Kenya, na mwaka 2012 ulikwisha kufika Mwanza na Arusha. Huo ndio uitwao batobato kali. Huletwa na virusi vya aina mbili vikutanapo katika mmea mmoja. Aina moja huchukuliwa na vithiripi na mbawakavu, ya pili na vidukari. Majani machanga hupata madoa ya manjano, kingo hukauka, moyo wa mmea hufa, na gunzi hubaki na punje chache au tupu. Shamba lililoshikwa vibaya huweza kupoteza mavuno yote.

Apotezaye mahindi hapotezi ugali peke yake. Hupoteza karo ya mtoto, na aliyekopa mbolea hana cha kuleta mizani.

Ndugu wanachama, mmea ukisha kuugua hauna dawa. Yatupasa kuzuia:

Kwanza, tununue mbegu zenye lebo ya TOSCI. Tusichague mbegu katika shamba lililougua, wala tusipokee mbegu zisizokaguliwa zipitazo Sirari. Tangu mwaka 2013 kiko kituo Naivasha kinachopima mahindi yanayostahimili ugonjwa huu. Tumwulize Bwana Shamba mbegu zifaazo kwetu.

Pili, tung'oe mimea inayougua mapema. Ingali mibichi, ng'ombe wataila. Bali mahindi yaliyoota ukungu si chakula cha mtu wala cha mnyama.

Tatu, tupalilie magugu, maana baadhi ya nyasi huvihifadhi virusi hivyo.

Nne, na hili ndilo zito, tusipande mahindi juu ya mahindi, vuli na masika, mwaka hata mwaka. Tubadilishe kwa maharage, viazi, mihogo au karanga. Ulezi na mtama havifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa ni ndugu wa mahindi na huweza kushikwa pia.

Mwenye eka mbili atauliza: watoto watakula nini? Swali hilo ni la haki. Hatusemi mahindi yaachwe mwaka mzima. Twasema masika tupande mahindi, na vuli maharage na viazi, ili ipite miezi miwili au zaidi bila mmea wa mahindi kusimama mashambani, wadudu wakose mahindi ya kubebea ugonjwa hadi msimu mwingine. Lakini mmoja akiacha na jirani yake akapanda, wadudu watavuka mpaka, na aliyejinyima atakuwa amejinyima bure. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo twaleta ombi kwenu: kila chama cha msingi kikutane kabla ya mvua za vuli, wanachama wakubaliane kalenda moja ya kupanda, na majirani wasio wanachama waalikwe nao wasikilizwe. Miaka kumi tumeuza pamoja. Sasa tupande pamoja, na tupumzishe mahindi pamoja.