Lukemia Sugu na Lawama za Ukoo

Msikilizaji, posa ikifika nyumbani, wazee huulizana kimyakimya: ukoo ule una maradhi gani? Kuuliza si kosa. Kosa ni kwamba jibu la "baba yao mdogo ana saratani ya damu" linatosha kuirudisha posa, na siku hizi, kwa kuwa kila mtu amelisikia neno jeni, lawama hiyo inasemwa kana kwamba imethibitishwa maabara. Haijathibitishwa.

DNA iliyo ndani ya kila seli huharibika maelfu ya mara kwa siku, na seli ina protini za kuikarabati. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kueleza ukarabati huo unavyofanyika. Jeni zinazotengeneza protini hizo hazifanani kwa watu wote. Jeni ya XRCC1, kwa mfano, ina aina ambayo herufi moja tu imebadilika. Watafiti wa nchi mbalimbali wameuliza kama wenye aina hiyo huugua zaidi lukemia sugu, yaani saratani ya damu inayokua polepole. Baadhi walipata ongezeko dogo, wengine hawakupata kitu, na mara nyingi waliopimwa walikuwa wachache. Aina hiyohiyo wanayo mamilioni ya watu wazima wa afya. Kwa hiyo anayekuuzia kipimo cha XRCC1 akikuahidi kukutabiria saratani ya damu, usimpe fedha yako.

Sasa tazama lukemia sugu ya mailoidi. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi isivyo kawaida katika damu ya wagonjwa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha sababu: kromosomu ya 9 na ya 22 zimekatika na kubadilishana vipande. Seli ilijitahidi kuunga palipokatika, ikaunga ncha zisizo zake, kama fundi cherehani aliyeshonea mkono wa shati kwenye suruali. Hapo ikazaliwa jeni mpya, BCR-ABL, inayoziamuru seli nyeupe zizaane bila kikomo.

Ajali hiyo huanzia katika seli moja ya uboho, kwa mtu aliyezaliwa bila kasoro hiyo. Haimo katika yai la mama wala mbegu ya baba, na mgonjwa hamrithishi mwanawe. Hata pacha wake wa kufanana, kwa kawaida, hana kromosomu hiyo.

Lukemia sugu ya limfosaiti ina habari tofauti kidogo. Hiyo huonekana zaidi katika baadhi ya familia, ingawa hata humo ndugu wengi hawaugui maisha yao yote. Huko jeni za ulinzi wa DNA, ATM na TP53, zina uzito wa kweli, ila mara nyingi kwa sababu zimepotea ndani ya seli za saratani zenyewe. Mgonjwa aliyepoteza TP53 hafaidiki sana na kemotherapi ya zamani, hivyo kipimo cha TP53 kinastahili kufanywa kabla ya kuanza tiba.

Kwetu Afrika Mashariki, wengi wanaougua ile ya mailoidi wangali katika umri wa kufanya kazi na kulea. Wengine hufika hospitali bandama imekwisha kuvimba, baada ya miezi ya kutibiwa malaria. Dawa ipo: imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, na kwa miaka mingi mpango wa msaada umeifikisha kwa wagonjwa wa Kenya na Tanzania bila malipo. Wengi wanaoimeza kila siku huishi karibu umri wa watu wengine. Kinachowakwamisha ni nauli ya kwenda kliniki na kipimo cha BCR-ABL cha kuonyesha kama dawa ingali inafanya kazi. Hivyo viwili ndivyo ninavyoziomba serikali zetu zigharamie, na bima za afya ziviingize katika orodha ya huduma zake mwaka huu wa fedha.