Mpala na watu wake
Hotuba ya katekista mbele ya waamini na wageni, siku ya Yubile ya parokia



Nimepewa kazi ya kusimulia habari za kijiji chetu na za watu wake mashuhuri, nami nimeombwa nisizidi nusu saa, kwa maana jua ni kali na sufuria za akina mama zimekwisha kuiva. Nitajitahidi. Walionipa kazi hii walinipa pia karatasi yenye majina matatu: Kapiteni Joubert, Monsenyeri Roelens, Padri Stefano Kaoze. Ni majina makubwa, nami nitayataja kwa heshima yake. Lakini kijiji hiki hakikuanza nayo. Tena liko jina moja lisilokuwamo katika karatasi ile, nalo ndilo ambalo watoto wa katekisimu huniuliza kuliko yote. Nalo nitalitaja.

Mgeni afikaye kwetu kwa njia ya maji huona kwanza mdomo wa mto Lufuko unapoingia katika Ziwa Tanganika, kisha nyumba zetu, na nyuma yake milima ya Marungu. Hapo kale wazee wetu Watabwa walipaita mahali hapa Lubanda. Mpala halikuwa jina la mahali. Lilikuwa jina la mtu, mfumu aliyetawala watu wa hapa mdomoni mwa mto. Ziwa liliwapa samaki, bonde la Lufuko liliwapa udongo mzuri. Lakini nyakati zile hazikuwa za amani. Wangwana kutoka pwani, na watu wao wenye bunduki, walikuwa wakizunguka ziwa kutafuta pembe na watumwa, na baadhi ya wafumu wa milimani walikuwa wamejifunza kazi hiyo hiyo.

Siku ya 4 Mei 1883 alishuka hapa Luteni Émile Storms, Mbelgiji, akitoka Karema, ng'ambo yetu, ambako chama cha mfalme Leopold II kilikuwa na boma tangu mwaka 1879. Mpala alifanya naye udugu wa damu kwa desturi ya wazee, naye Storms akajenga boma lake hapa. Wako wasemao kwamba Mpala alidanganywa kama mtoto. Mimi sioni hivyo. Mfumu mwenye watu wachache, akiwa na ziwa mbele yake na adui milimani nyuma yake, akimwona mtu mwenye bunduki anayetaka urafiki, hupima. Mpala alipima. Alilotarajia ni ndugu wa kumlinda. Alichopata ni bwana, na hilo hakuweza kulijua siku ya kuchanjana damu. Mwaka 1885 ugonjwa wa ndui ulimwua. Jina lake likabaki juu ya kijiji, nasi tunalitamka kila siku tukisahau ya kuwa ni jina la marehemu.

Sasa nifike kwa yule ambaye watoto wanamwuliza, yaani Lusinga.

Lusinga alikuwa mfumu wa milimani, mwenye nguvu kuliko Mpala. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita kwake karibu na mwaka 1880, alimwandika kuwa mtu wa kumwaga damu. Mtu aweza kusema: hayo ni maneno ya mgeni. Ni kweli, lakini hata bila maneno ya Thomson twajua ya kuwa Lusinga alivamia vijiji na kuuza watu, naye alipata baruti na bunduki kwa biashara hiyo. Basi wale wanaotaka leo kumfanya shujaa mtakatifu, nawaomba wawakumbuke wale waliotembea na kamba shingoni. Alikuwa pia mfumu mwenye heshima ya ukoo wake, mwenye mizimu yake na sanamu za wazee wake, naye hakukubali kumwinamia Storms. Siku ya 4 Desemba 1884 askari waliotumwa na Storms walimshambulia nyumbani kwake, wakamwua, wakamkata kichwa. Watu wengi waliuawa pamoja naye, wengine wakatekwa.

Kichwa kile kililetwa kwa Storms. Kisha, Storms aliporudi Ulaya, fuvu la Lusinga lilikwenda naye, pamoja na mafuvu ya wafumu wengine wawili, Maribu na Mpampa. Kule Brussels yalipimwa na wataalamu waliotaka kujua, eti, mtu mweusi ni mtu wa namna gani. Sanamu ya mti iliyochukuliwa kwa Lusinga iliingia katika makumbusho ya Tervuren, na fuvu lake baadaye likawekwa katika Taasisi ya Sayansi za Asili, Brussels. Tangu mwaka 2018 habari hizo zimeandikwa sana katika magazeti ya Ubelgiji, na mwaka 2022 sanamu ya Storms iliyokuwa katika uwanja mmoja wa mji ule iliondolewa. Wazungu wenyewe wamekwisha kuona haya. Je, sisi tutaandika kitabu cha Yubile na kuruka ukurasa huo, kana kwamba kijiji chetu kilianza siku Mapadri waliposhuka?

Maana Mapadri Weupe walipokea boma lile lile. Mfalme Leopold aligeuza macho yake kuelekea upande wa magharibi, kwenye mto mkubwa, akaviacha vituo vya ziwa mikononi mwa Kardinali Lavigerie. Mwezi wa Julai 1885 Padri Moinet na Padri Moncet waliingia Mpala, Storms akaondoka. Misa iliadhimishwa katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya bunduki. Sisemi hayo ili kuwadharau Mapadri wale. Walikufa kwa homa wangali vijana, na makaburi yao yako ukingoni mwa ziwa hili, kutoka kaskazini hata kusini. Lakini boma lina desturi zake, na ni lazima kusema ya kuwa kwa miaka kadhaa misioni ya Mpala ilikuwa misioni na serikali pamoja: Mapadri walifundisha, walibatiza, tena walihukumu mashauri na kuweka askari. Mapadri wetu wa leo, mnisamehe nikisema nafurahi kwamba ninyi mnatuhukumu katika kitubio tu.

Wakristu wa kwanza walikuwa nani? Hapa napenda kukaa kidogo. Wengi wao hawakuwa watu wa Lubanda. Walikuwa watoto waliokombolewa, yaani walionunuliwa na Mapadri kutoka kwa wafanya biashara wa watumwa kwa nguo na shanga, wakaletwa misioni, wakalelewa, wakaozwa, wakapewa mashamba. Walitoka mbali, makabila mengi, kila mmoja na lugha yake. Lugha moja tu waliielewa wote, Kiswahili, kwa kuwa ndiyo waliyoisikia njiani katika misafara. Lugha ya waliowauza ikawa lugha waliyofundishwa Baba Yetu. Mgeni akituuliza kwa nini katika nchi ya Watabwa twasali Kiswahili, jibu ni hilo, na katika familia nyingi za pwani hii damu ya watoto wale imo, ingawa si kila nyumba hupenda kulisema.

Kapiteni Léopold Joubert alifika Mpala mwezi wa Machi 1887. Alikuwa Mfaransa, mzaliwa wa Saint-Herblon mwaka 1842, naye tangu ujana wake alikuwa askari wa Baba Mtakatifu: alipigana Castelfidardo mwaka 1860 na Mentana mwaka 1867. Dola ya Papa ilipoanguka mwaka 1870 alibaki na upanga usio na bwana. Lavigerie akamleta kwetu alinde misioni. Kwa miaka mingi, akiwa na bunduki chache na vijana wa hapa aliowafundisha vita, alizuia vikosi vya wakamata watumwa, hasa watu wa Rumaliza wa Ujiji. Serikali ilichelewa, Kapiteni Jacques aliweka boma la Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwishoni mwa mwaka 1891 tu.

Picha ya Joubert mwenye ndevu mnaijua. Mnayemjua kidogo ni mkewe. Mwezi wa Februari 1888 Joubert alimwoa kwa ndoa takatifu Agnes Atakaye, binti wa huku. Fikirini wakati ule! Wazungu wengine walichukua wanawake wa nchi, wakawaacha ufukoni siku ya kwenda zao pamoja na watoto. Joubert alifunga ndoa mbele ya Kanisa, akazaa naye watoto wengi, akakaa naye Saint-Louis ya Mrumbi, kisha Misembe karibu na Moba, wala hakurudi tena Ulaya hata alipokufa siku ya 27 Mei 1927, mzee asiyeona vizuri. Vita vyake vilikwisha zamani. Ndoa yake, kwa maoni yangu, ni mahubiri makubwa kuliko vita vile, na Mama Agnes alistahili mstari wake katika karatasi niliyopewa.

Ng'ambo, huko Karema, alikaa rafiki wa watu wa pwani zote mbili, Adriano Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na Mapadri, akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Alikuwa katekista na daktari Karema tangu mwaka 1889 hata kufa kwake mwaka 1956. Hakuwa mtu wa Mpala, hilo nalijua. Namtaja kwa sababu sisi makatekista hatuna wakubwa wengi wa kujivunia.

Monsenyeri Victor Roelens alikuja katika pwani yetu mwaka 1892. Mwaka uliofuata misioni kubwa ya Baudouinville ilianzishwa Kirungu, na watu wa Kibanga, misioni ya kaskazini iliyoangamizwa na magonjwa, wakahamishiwa huko. Tangu hapo Mpala ikawa ndogo. Roelens alipewa uaskofu mwaka 1896, akaongoza vikarieti ya Kongo ya Juu kwa miaka mingi, akafa Baudouinville mwaka 1947. Alikuwa mtu mkali, na mengi ya kazi yake yameandikwa na wengine. Sina haja ya kuyarudia. Lakini jambo moja lilifanyika hapa kwetu: mwaka 1899 alifungua Mpala seminari ndogo, wakati ambapo Wazungu wengi walicheka wakisikia kwamba mtoto mweusi atafundishwa Kilatini. Sisi tuliopita seminari ndogo, tukalia juu ya Kilatini kile, twajua ya kuwa vicheko vile havikuwa na haki, ingawa machozi yalikuwa ya kweli.

Miongoni mwa wanafunzi wale alikuwa kijana Mtabwa, Stefano Kaoze. Alisoma karibu miaka kumi na minane, Mpala, kisha Lusaka yetu ya hapa Marungu, kisha Baudouinville. Akiwa bado mseminari aliandika kwa Kifaransa juu ya fikira na tabia za watu wake, na maandiko yake yalichapwa mwaka 1910 na 1911 katika gazeti la Ubelgiji. Yanahesabiwa miongoni mwa maandiko ya kwanza kabisa ya Mkongomani katika lugha hiyo. Siku ya 21 Julai 1917 alipewa upadri. Ni padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi, kwa maana ufalme wa kale wa Kongo ulikuwa na mapadri wazalendo tangu karne ya 16. Alikufa mwaka 1951. Lililo zuri kwangu ni hili: alipoandika, aliandika juu ya wazee wake Watabwa, jinsi wanavyofikiri, wanavyosema, wanavyoheshimu wafu wao. Upadri haukumfanya aone haya kwa ajili yao.

Naye Kaoze anaponipa moyo, narudi kwa Lusinga. Nina maombi mawili mbele yenu.

La kwanza ni kwa Baba Askofu na Mapadri. Katika Misa ya marehemu ya Yubile tutawataja Mapadri waanzilishi, Kapiteni, Monsenyeri. Naomba watajwe pia mfumu Mpala, na Lusinga, na wale waliouawa pamoja naye, na wale aliowauza. Najua kwamba Lusinga hakubatizwa. Kanisa huwaombea marehemu wote ambao imani yao inajulikana kwa Mungu peke yake; hayo tunayasikia altareni. Na tena, kama siku moja fuvu lile litarudishwa, litapita njia ya ziwa au ya barabara kwenda milimani kwa watu wake. Lizikwe namna gani, hilo ni neno la ukoo wake. Lakini watu wa Mpala, ambao boma lao ndilo lililotuma askari, tusijifungie ndani siku ile. Tutoke.

Ombi la pili ni kwa wazee. Majina ya Mapadri wote wa Mpala yameandikwa Roma. Majina ya makatekista waliotembea milimani kwa miguu na kengele na kitabu, waliobatiza watoto waliokuwa wakifa, waliofundisha chini ya mti bila mshahara ila kipande cha nguo na chumvi, hayako mahali pengi. Nimeandaa daftari. Liko sakristiani, kabatini, karibu na madaftari ya ubatizo. Mwenye jina la babu yake, la kijiji alichofundisha, la mwanamke aliyekaa na watoto wake alipokuwa safarini, aje baada ya Misa ya Dominika. Asiyejua kuandika, nitamwandikia mimi.