Kuomba masomo ya diploma mbili kutoka Butembo na Beni: mazungumzo na vijana wenzetu



Tunashukuru juu mumeacha kazi zenu leo. Wengine wametoka Beni asubuhi. Ni kilometa 54 tu, lakini munajua namna mutu anafanya ile barabara: anapiga simu kwanza kuuliza kama inapita.

Leo hatukuitana juu ya maandamano. Tunataka kusema juu ya kitu chenye vijana wengi wanatuuliza kila mwaka kuanzia mwezi wa kumi, wakati vyuo vikuu vya inje vinafungua maombi: masomo yenye mutu anafanya katika vyuo viwili ao vitatu vya inchi mbalimbali, na anamaliza na diploma mbili, ao diploma moja yenye vyuo vyote vimetia sahihi.

Tunajua ulizo lenye wengine wako nalo: "Nyinyi wenye munasema tubaki tupiganie inchi, leo munatufundisha kutoka?" Ni ulizo la haki. Tulibishana sana juu yake kati yetu mbele ya kuwaita. Hatutawadanganya kama wote wenye wataenda watarudi. Lakini mutu mwenye anatoka na karatasi zake anaweza kurudi siku anataka. Mutu mwenye anabaki juu karatasi yake imefungiwa katika droo ya mukubwa fulani, huyo hakuchagua kubaki. Sisi tunapigania hiyo haki ya kuchagua.

Tuanze na namna hii mambo inafanyika.

Programu yenye inajulikana sana ni Erasmus Mundus, ya Umoja wa Ulaya. Kila master yake inashikwa na vyuo visivyopungua vitatu, vya inchi tatu tofauti. Unasoma mwaka wa kwanza pengine Ufaransa, wa pili Italia. Wenye wanachaguliwa kwa burse wanapata euro 1,400 kila mwezi, mpaka miezi 24. Ombi unaliingiza wewe mwenyewe kwa intaneti, kwa programu yenyewe. Hakuna mutu katikati. Na mutu mwenye yuko mwaka wa mwisho anaweza kuomba mbele ya kushika diploma.

Kuko pia diploma mbili zenye vyuo viwili vinapatana wenyewe, bila burse kubwa kama hiyo. Hapo soma vizuri mambo mawili. La kwanza: unaingiza dosie moja ao mbili? Kwa programu zingine inaomba chuo cha kwanza kikubali na cha pili pia kikubali, na kimoja kikikataa yote inaanguka. La pili: utalipa masomo kwa chuo kimoja ao kwa vyote viwili? Usimwambie baba auze shamba la kakao mbele ya kujua hilo.

Sasa tuingie kwa dosie, maana ni hapo tunaanguka. Wengi wetu hatuangushwi na akili. Tunaangushwa na karatasi.

Jina "licence" linatuletea shida. Wenye walisoma mfumo wa zamani walifanya graduat miaka tatu, kisha licence miaka mbili. Jumla ni miaka tano. Lakini inje, licence ni miaka tatu. Yule mwenye anasoma dosie yako kule Ulaya anaona neno "licence" na anakuhesabia miaka tatu tu. Wenye wako katika LMD, yenye ilianzishwa inchi nzima mwaka wa masomo 2021-2022, wao licence yao ni miaka tatu kweli, kredi 180. Kwa hiyo wa zamani, omba chuo chako barua fupi yenye kueleza mfumo, na utie rileve za miaka yote tano. Usiache mutu wa mbali ajielezee mwenyewe.

Jambo lingine ni miaka yenye ilipotea. Wengi wetu tulikuwa sekondari wakati mauaji ya Beni yalianza, Oktoba 2014. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Katikati yake Covid ikafunga masomo. Mei 2021 tukaingia utawala wa kijeshi. Ukiangalia rileve zetu, unaona mashimo. Vijana wanayaficha katika barua ya motivasio kama vile ni kosa lao. Musiyafiche. Andika tu mistari miwili: mwaka fulani sikusoma, sababu ni hii, na wakati huo nilifanya hivi. Mwenye alibebesha watu kwa moto alifanya kazi. Mwenye alipita nyumba kwa nyumba wakati wa Ebola kueleza watu namna ya kujikinga, hiyo ni kazi ya kweli, iandike.

Lugha. Vyuo vingine vinakubali ushuhuda kama ulisoma kwa Kiingereza, na hapo wenzetu wa UCBC ya Beni, yenye inafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, wako na nafasi. Vingine vinataka TOEFL ao IELTS. Kwa hiyo mitihani wengi wetu tunapita Kasindi mpaka Kampala, na bei ya mutihani peke yake inaweza kufika ao kupita dola 200. Kwanza angalia kama programu yako inaiomba kweli. Kuko zenye zinafundisha kwa Kifaransa.

Chunga karatasi zako. Wenzetu wa Kanyabayonga walikimbia Juni 2024 bila kubeba hata diplome ya Serikali. Leo jioni, piga picha karatasi zako zote, ujitumie kwa imeli yako. Simu inaibiwa, nyumba inaungua, lakini imeli inabaki.

Na mujilinde na wenye kuuza burse. Mumoja wetu alituma dola 150 kwa simu kwa mutu mwenye alisema "nafasi yako imeshapatikana, kubaki tu kulipia dosie." Namba ile haikushika tena. Mwenye kutoa burse ya kweli hawezi kukuomba utume pesa kwa simu ya mutu.

Lakini tusijidanganye kama yote ni kazi ya mwanafunzi. Mumoja wetu mwingine alichaguliwa katika orodha ya kwanza. Walimuomba rileve yenye muhuri. Alienda kwa chuo chake, hatutakitaja, mara saba. Siku ya kwanza mwenye kusaini alikuwa safarini. Siku ya tatu wakamuomba "kitu kidogo cha karatasi." Alipopata rileve, tarehe ilikuwa imepita siku kumi na moja. Leo anauza kredi ya simu. Hakuna mutu aliyemuua, hakuna radio itamutaja, lakini mwaka wake umeibiwa.

Kwa hiyo tunaomba, na tutaandika barua kwa wenye kuhusika:

Moja, kila chuo kikuu cha Butembo na cha Beni kibandike kwa ukuta bei ya rileve na siku zenye inaomba, zisipite kumi, na kila pesa ipewe risiti.

Mbili, serikali itoe pasipoti kwa bei yake ya sheria. Bei ilishuka, lakini kushuka hakutusaidie kama mutu analipa tofauti kwa mikono ya katikati. Na tangu Goma ilianguka Januari 2025, mutu wa Lubero asiambiwe aende mbali zaidi kutafuta karatasi.

Tatu, vyuo vyetu viingie wenyewe katika hizi mapatano. Mgr Kataliko alianzisha Graben mwaka 1989, wakati Serikali haikuwaza kutuletea chuo kikuu. Wazazi wetu walijenga. Sisi tunataka siku moja mutoto wa Butembo ashike diploma mbili, na moja kati yazo iwe ya hapa.

Na sisi wenyewe? Kila jumamosi saa nane tutakuwa hapa, tunasomeana barua na kukosoana, bure. Mwenye alishaingiza dosie moja, hata kama ilikataliwa, ashike wawili mukono. Leta yako hata kama haijakamilika.

 Tuonane jumamosi.