Elimu ya Kusimamia Watumishi: Hotuba kwa Makatibu wa Vyama vya Msingi



Mmeuliza: chama chenye mizani moja, ghala moja na watumishi watatu kina haja gani na msomi wa shahada ya uzamili katika usimamizi wa rasilimali watu?

Tuchukue mfano. Karani wa mizani anashukiwa kuwapunja wakulima. Bodi inaghadhibika, inamfukuza siku ile ile bila kumsikiliza. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Karani huyo akishinda mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, fidia yatoka katika jasho lenu, hata kama kweli aliwapunja.

Elimu hiyo, itolewayo kwa mfano na Chuo Kikuu Mzumbe, hufundisha kuajiri kwa sifa badala ya udugu, kupima utendaji, kupanga mishahara na kusuluhisha migogoro.

Sisemi kila chama kisomeshe mtu wake, gharama hazibebeki. Vyama vishirikiane kumsomesha mmoja kupitia Chama Kikuu, kwa mkataba wa maandishi kwamba atarudi kuvitumikia vyote.

Wakati tukimngoja, kila Katibu aanze leo: mkataba wa kila mtumishi uandikwe, jalada lake litunzwe, na asiadhibiwe mtu kabla ya kusikilizwa. Hayo hayahitaji shahada.