TOFALI MOJA, MTI MMOJA
(Mazungumzo na vijana baada ya Tarawehe, Rongo)



Usiku wa leo sitazungumza juu ya mambo yanayobatilisha saumu, kwani masheikh wetu wameshayaeleza vizuri. Nataka tuzungumze juu ya tofali. Najua kuna anayejiuliza, tofali na Ramadhan wapi na wapi? Subiri kidogo.

Toka hapa mjini ushike njia ya Homa Bay, ya Awendo au ya Kisii. Hutakwenda mbali kabla hujaona tanuru ya matofali ikifuka moshi. Wanaochoma ni vijana wetu. Mimi mwenyewe nilifanya kazi hiyo miaka mitatu baada ya shule, na karo ya mdogo wangu ilitoka humo. Kwa hivyo sikuja kumtukana mchoma matofali. Nimekula humo.

Lakini kuna siku sijaisahau. Tanuru ilikuwa imeshapangwa, mnunuzi ametoa pesa ya kwanza, kuni zikapungua. Nikamwendea mama kumwomba mti wa ober uliokuwa nyuma ya nyumba. Alinyamaza, halafu akasema, "Kata, mwanangu, kama riziki imefika hapo." Tuliuangusha kabla ya adhuhuri. Pesa ile haikumaliza miezi miwili. Kivuli hakijarudi mpaka leo, na mama sasa hununua kuni za kupikia futari.

Hebu tufanye hesabu. Ili tofali liive vizuri, moto unatakiwa kufika kama nyuzi 900 au 1000, na uwake siku kadhaa. Mti uliochukua miaka 20 kukusanya hewa ya kaboni unairudisha yote angani kwa siku chache. Saruji nayo haina afadhali. Mawe ya chokaa huchomwa kwa nyuzi kama 1450, na jiwe lenyewe likiungua hutoa kaboni, mbali na ile ya makaa yanayolichoma. Saruji peke yake inatoa kama asilimia 7 hadi 8 ya kaboni yote inayotokana na binadamu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake yako hapa hapa kwetu, Gigiri, Nairobi, linasema majengo na ujenzi vinachangia zaidi ya thuluthi moja duniani. Sisi Kenya umeme wetu karibu asilimia 90 ni wa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kaboni ya nyumba zetu basi haiko sana kwenye taa. Iko ukutani na jikoni.

Serikali inasema nini? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ifikishe miti angalau asilimia 10 ya nchi. Sheria ya nyumba za bei nafuu ya Machi 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anatoa kiasi hicho hicho. Kanuni mpya za ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Tena kuna ahadi ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032.

Yote mazuri. Lakini jamani, nyumba za serikali zinajengwa zaidi mijini, na huku vijijini kila mtu anajijengea. Hata ile marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 ilihusu misitu ya serikali na ya jamii. Haikugusa ober ya mama yangu. Mti wa shambani kwako mlinzi wake ni wewe.

Njia nyingine ipo. Tangu miaka ya 2000 wizara ya nyumba imekuwa ikifundisha matofali ya kufungamana. Udongo mwekundu unachujwa, unachanganywa na saruji kidogo, kama asilimia 5 hadi 10, kisha unashindiliwa kwa mashine ya mkono. Hakuna tanuru wala kuni. Matofali yanafunikwa na kumwagiwa maji kwa wiki moja au zaidi, halafu yanaachwa yakomae, takriban siku 28 kwa jumla. Yanashikana yenyewe, kwa hivyo hata saruji ya kuunganishia inapungua. Yana masharti yake: udongo mweusi wa mfinyanzi haufai, msingi uwe imara, na paa litokeze nje ili mvua isipige ukuta.

Najua mtakaloniambia: "Nyumba ya udongo ni ya maskini." Nani kasema? Nendeni Thimlich Ohinga, papo hapo kaunti yetu ya Migori. Kuta zile za mawe zimesimama karne nyingi bila tone la saruji, na mwaka 2018 ziliingizwa katika urithi wa dunia. Msikiti mkuu wa Djenné, huko Mali, uliojengwa upya mwaka 1907, ni wa udongo. Kila mwaka watu wa mji, wakubwa kwa wadogo, wanatoka kuukandika upya. Hakuna anayewaita maskini.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe. Tunachanga ili tujenge vyumba viwili vya madrasa, na tumeshapewa bei ya matofali ya kuchoma. Watoto watasoma humo kwamba sisi ni makhalifa katika ardhi na kwamba israfu ni haramu. Kuta zitawaambia nini?

Naomba mambo matatu. Kwanza, kabla hatujalipa, tupime udongo wa kiwanja chetu na tuulize gharama ya kukodi mashine. Pili, vijana wanaochoma matofali ndio wawe wa kwanza kufundishwa na kulipwa kazi hii, maana kumwambia mtu aache tanuru bila kumpa kazi ni kumfunga mara mbili. Tatu, kila nyumba ipande miti miwili baada ya Idd, mvua ikiwepo: siala, ober au wa matunda.

Wangu wa kwanza nitaupanda nyuma ya nyumba ya mama. Pengine hatawahi kukaa kivulini mwake. Wajukuu watakaa, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.