Stakabadhi ya Ushuru si Kibali cha Kuziba Njia



Asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilishika moto. Magari ya zimamoto yaliyokuwapo mjini humo hayakutosha kuukabili, hata Rwanda ikatuma helikopta kusaidia. Wafanyabiashara wengi walipoteza mtaji wote kwa siku moja. Wakati hayo yakitokea, Ziwa Tanganyika lilikuwa mwendo mfupi tu kutoka hapo: ziwa lenye urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina kinachokaribia meta 1,470, la pili kwa kina duniani.

Kigoma na Ujiji ziko kando ya ziwa hilo hilo. Mashua za Kibirizi huenda Burundi na Kongo, na mtu apangaye bidhaa zake katika soko la Mwanga hatofautiani sana na mwenzake wa Bujumbura. Kwa hiyo yafaa funzo la Bujumbura lisomwe hapa kabla halijarudiwa hapa. Maji hayazimi moto kwa sababu yako karibu. Huuzima yanapofikishwa penye moto, kwa pampu, kwa mpira, na kwa gari lililopata njia ya kupita. Njia ikizibwa, ziwa zima halina faida.

Aghalabu, baada ya msiba wa namna hii, husikika sauti za kutaka sheria itungwe. Nchini Tanzania sheria ipo. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ilipitishwa mwaka 2007, na kanuni za ukaguzi na vyeti vya usalama zikafuata mwaka 2008. Hata hivyo, usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Kenya nako, kanuni za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zilitangazwa mwaka 2007. Tarehe 28 Januari 2009 duka la Nakumatt katikati ya Nairobi liliteketea, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Baadhi ya walionusurika walieleza kwamba milango ilifungwa wakati watu wakitafuta pa kutokea. Ni dhahiri, basi, kwamba kanuni iliyo kabatini haimwokoi mtu aliye dukani.

Kanuni haifi kwa siku moja. Soko hujengwa likiwa na njia pana. Kisha mtu mmoja hutandika turubai ukingoni mwa njia. Wa pili humfuata, wa tatu huweka meza, wa nne huezeka. Fundi wa mtaani huvuta waya kutoka kibanda hiki hadi kile. Mtungi wa kuzimia moto hupitwa na tarehe ya ukaguzi, na msumari wake hugeuzwa kitundikio cha makoti. Wakati wote huo mkusanya ushuru hupita kila siku. Humwona aliyekaa njiani, humtoza, humpa stakabadhi. Tangu hapo mfanyabiashara yule huwa na karatasi ya halmashauri mkononi, na huamini kwamba kukaa kwake pale kumehalalishwa. Siku mkaguzi wa zimamoto atakapoagiza njia ifunguliwe, ataoneshwa stakabadhi. Hivyo ndivyo mkono mmoja wa umma unavyofuta kilichoandikwa na mkono mwingine.

Si haki kumtupia lawama zote mama anayeuza dagaa njiani. Amekaa pale kwa sababu wateja hupita pale, na kwa sababu hakuonyeshwa mahali pengine. Kumfukuza bila kumpa mahali ni kumhamishia kwenye njia nyingine. Lakini kumwacha pale, huku akilipa, ni kumtoza fedha kwa hatari itakayomwangamiza yeye kwanza. Mchuma janga hula na wa kwao: cheche ya kibanda kimoja haimwulizi jirani kama alifuata kanuni.

Katika miji ya ziwa hatari hiyo huzidishwa na aina ya bidhaa. Mawese huhifadhiwa kwa madumu, na petroli ya mashine za mashua hukaa jirani na magunia, nguo na plastiki. Mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafula, na kuyarusha mafuta yakiwa yanawaka. Moto mdogo wa mafuta hufunikwa au humwagiwa mchanga mkavu. Ukiwa mkubwa huhitaji povu. Moto wa umeme nao haufai kumwagiwa maji kabla umeme haujakatwa. Mwenye kibanda asiyeyajua haya anaweza kukimbilia ndoo kwa nia njema na kuueneza moto.

Kazi basi iko wazi, na sehemu yake kubwa haingoji fedha nyingi. Njia za soko zichorwe mstari wa rangi, na ndani ya mstari huo pasitozwe ushuru wa mtu yeyote, hata senti moja. Waliomo wapewe mahali kwanza, kisha njia ifunguliwe. Cheti cha usalama kisitolewe mezani, kitolewe baada ya mkaguzi kuufungua mlango wa dharura kwa mkono wake. Ofisi ya biashara, mhandisi na zimamoto wakague pamoja, ili asiwepo wa kusema hilo si lake.

Walimu nao wana nafasi yao. Mwanafunzi anayejua kwa nini maji hayazimi mafuta, na anayeikumbuka namba 114 ya zimamoto, jioni hurudi nyumbani kwa mzazi mwenye kibanda. Somo la darasani litafika sokoni kwa miguu yake.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Debe la rangi lina bei ndogo. Mtumishi atakayechora mstari huo, kisha akaukataa ushuru uliomo ndani yake, atakuwa amelilinda soko kuliko waraka wowote.