Shahidi Asiyepinda Njia
(Hotuba kwa vijana wa Temeke na Kinondoni)



Umeme unapokatika Mbagala au Tandale, na mbingu ikawa haina wingu, huonekana juu yetu ukanda mweupe mfano wa moshi. Huo ni mwanga wa nyota nyingi mno za galaksi yetu. Baina ya nyota hizo mna gesi, na sehemu yake kubwa ni haidrojeni. Gesi hiyo ni hafifu sana: kwa wastani ni kama atomu moja tu katika kila sentimita moja ya ujazo.

Katika gesi hiyo hupita miale ya kosmiki, ambayo Victor Hess aliigundua mwaka 1912 kwa kupaa na puto. Ijapokuwa huitwa miale, kwa hakika ni chembe, nyingi zake zikiwa protoni, ziendazo kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru. Protoni inapogonga kiini cha atomu ya gesi, huweza kuzaliwa chembe iitwayo pioni. Pioni isiyo na chaji haidumu hata kufumba na kufumbua. Hutoweka, na mahali pake hutokea miale miwili ya gama.

Huenda mtu akauliza: yatufaa nini kuijua gama hiyo? Yatufaa kwa sababu protoni zina chaji ya umeme, na nguvu za sumaku zilizomo angani huzipinda njia. Zifikapo kwetu, haziwezi kutuonyesha zilikotoka. Ni kama mgeni aliyezungushwa usiku katika vichochoro vya Manzese. Ukimwuliza aliingilia wapi, atakuonyesha kichochoro cha mwisho tu. Gama haina chaji, hivyo huja moja kwa moja kutoka ilikozaliwa. Huyo ndiye shahidi wa kuaminika.

Lakini shahidi huyo huzuiwa na angahewa, na hana budi kufuatwa juu. Hapa ndipo pwani yetu inapoingia. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba 1972, setilaiti ya Marekani iitwayo SAS-2 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walilisimamisha baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mahali hapo pako karibu na ikweta, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukingwa na sumaku ya dunia dhidi ya chembe nyingi ambazo zingeichanganya. SAS-2 iliharibika Juni 1973, kabla haijatimiza miezi saba. Hata hivyo ilikwisha kuonyesha wazi kwamba gama nyingi hutoka katika ukanda ule ule mweupe, mahali palipo na gesi.

Je, wataalamu walikata shauri papo hapo? La. Elektroni nazo huweza kutoa gama, kwa hiyo ilipasa kutafuta alama ya pioni yenyewe. Mjapani Satio Hayakawa alikwisha kuitabiri gama ya pioni mwaka 1952. Alama yake ilitangazwa mwaka 2013, pale setilaiti ya Fermi ilipoiona katika mabaki mawili ya nyota zilizolipuka, IC 443 na W44. Ilipita miaka 61. Na chimbuko la protoni zenye nishati kubwa kabisa bado linatafutwa.

Ndugu zetu, sisi humhukumu jirani kwa uvumi wa usiku mmoja. Hawa walingoja miaka 61 ili wapate ushahidi kuhusu chembe isiyoonekana kwa macho. Yatupasa kuona haya.

Tena tumewasikia baadhi ya wazazi wakisema kwamba fizikia si ya watoto wa uswahilini, na wanafunzi wenye akili wakaliacha somo hilo kwa neno hilo tu. Tunawasihi wasiseme hivyo tena. Bahari iliyobeba jukwaa lile ndiyo hii wanayovua ndugu zetu wa Kigamboni. Pwani yetu imekwisha kutoa mahali pa kurushia. Sasa na itoe wasomaji wa yale yanayoletwa kutoka juu.